Mwonjaji wa Hewa ya Tarajio

Siku ya tisini na saba Sikitu Pazi hakunitukana.

Nilivaa barakoa, nikapita mlango wa kati, nikaingia upande wake wa kibanda nikiwa na daftari mkononi. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la vipuri, shuka mabegani, mgongo ameuegemeza ukutani. Dirisha lake lilikuwa wazi. Vumbi jeusi lilikuwa limetanda sakafuni, jembamba kama masizi ya koroboi, na juu yake zilionekana nyayo zake, chache kuliko za jana.

"Hali?" nikauliza, kama mkataba unavyotaka.

"Nzuri."

Nikangoja. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi.

"Nzuri tu?"

"Nzuri, Mihambo. Andika."

Aliniita kwa jina. Siku zote hizo hakuwahi kuniita kwa jina. Siku ya kwanza, nilipomuuliza swali hilohilo, alinijibu, "Hali ya nani, wewe punda wa Unyanyembe? Tua mzigo kwanza, ndipo uulize watu hali." Siku ya tisa alisema hali yake ingekuwa njema zaidi kama asingelazimika kufumbua macho na kuona sura ya hamali. Mimi nami sikumwachia. Nilimwambia Mzaramo akisikia ngoma kijiji cha tatu huacha jeneza njiani na wafiwa wakiwa wamelibeba. Kwa maneno ya namna hiyo tuliishi, na tuliishi vizuri.

Waliotutuma hawakuwa wajinga. Walijua kwamba watu wawili wakifungiwa mahali pamoja, bila mtu wa tatu, mwezi wa sita watachukiana na mwaka wa pili watauana. Walijaribu mume na mke. Walijaribu ndugu wa tumbo moja. Wakajaribu marafiki waliokua pamoja, na hao ndio walioshikiana visu mapema kuliko wote. Ndipo mtu mmoja akawaambia, chukueni watani. Chukueni Mnyamwezi na Mzaramo, watu ambao babu zao walizoea kutukanana na kucheka. Mtani hukutukana asubuhi, mchana mkala sahani moja, na ukifa yeye ndiye anayekuja kuvuruga msiba wako mpaka wafiwa wacheke. Wakajaribu. Watani walikaa kwenye handaki la majaribio miaka mitatu, wakatoka wamenenepa.

Hivyo nikapatikana mimi, Mihambo Kasanga, miaka ishirini na saba, bila kuhesabu ile mia na kumi na miwili niliyolala njiani. Niliwashinda vijana mia nne kupata nafasi hii, na sioni haya kusema kwamba nilistahili. Na akapatikana Sikitu, aliyenizidi miaka kumi na mmoja, mtaalamu wa mimea, mdomo kama wembe.

"Da Sikitu," nikasema, nikifunga daftari. "Simama nikuone."

"Nisimame nina deni la kusimama?"

Hapo nilipata moyo kidogo. Nilidhani sasa anaanza. Lakini alipotaka kuinuka, mkono wake uliteleza ukutani, akaanguka kwa magoti. Kwenye sayari hii kila kitu kina uzito wa ziada, hata kuanguka. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, chenye sauti ya gunia la mkaa linaloburutwa. Alipoondoa shuka mdomoni, ilikuwa na damu, na ndani ya damu mlikuwa na chembe nyeusi.

Nikafungua sanduku alilokuwa amelikalia. Chini ya vipuri alikuwa ameficha vitambaa. Vingine damu yake ilikuwa imeshakauka zamani, imekuwa rangi ya kutu.

*

Lazima nieleze tulichokuwa tukikifanya pale, maana bila hivyo dhambi yangu haitaeleweka.

Sayari ya Tarajio huipa nyota yake uso mmoja daima, kama mtu anayeota moto bila kugeuka. Upande mmoja ni jangwa linalochemka, upande wa pili ni barafu isiyoona mwanga. Katikati kuna ukanda ambamo jua jekundu limekaa ukingoni mwa mbingu, halichomozi wala halizami. Mto hutoka barafuni, hupita kwenye ukanda huo, huenda kufia jangwani. Kando ya mto mawe yote yamefunikwa na ukoga mweusi ulio hai, na ukoga huo ndio uliotengeneza hewa. Hewa nzuri. Mashine zetu ziliipima tangu tukiwa juu, zikaisifu. Zilitaja kila kilichomo, hata lile vumbi ambalo ukoga hulimwaga upepo wa barafuni unapovuma.

Ila mashine haina pafu. Haijui vumbi litafanya nini likikaa ndani ya mtu miezi mitatu. Kwa hiyo mkataba ulisema: mmoja avue barakoa siku ya kwanza, awe mwonjaji. Mwenzake asivue kabisa, ila akiwa kwenye hewa iliyochujwa. Kila siku mwenye barakoa amuulize mwonjaji hali yake, naye ajibu kweli kwa kiapo, mwenzake aandike. Siku ya mia atume neno moja kati ya mawili. Shukeni. Au Piteni.

Neno hilo lilikuwa linangojwa na Msafara, chombo kikubwa kilichokuwa nyuma yetu, mbali kiasi kwamba sauti ya redio ilichukua siku tisa kukifikia. Ndani yake watu elfu mbili na mia tisa walikuwa wamelala katika vyumba vya baridi. Wakiambiwa washuke, wangeanza kufunga breki mara moja, na nishati yao ingeishia hapa. Chombo kisingeondoka tena milele. Wakiambiwa wapite, kulikuwa na nyota nyingine mbele, miaka sabini na mmoja ya safari. Nishati ya safari hiyo haikutosha vyumba vyote. Chumba kimoja katika kila vinne kingezimwa.

Sikitu ndiye aliyejitolea kuonja. Alisema, "Mnyamwezi kazoea kubeba. Mambo ya kuonja waachie watu wa pwani, wenye ulimi."

Nilicheka sana siku ile.

*

Nilimlaza upande wangu, kwenye hewa iliyochujwa. Nilimpa dawa zote zilizokuwemo sandukuni, kisha nikakaa karibu naye nikiwa nimechemka kwa hasira.

"Tangu lini?"

"Siku ya ishirini na tatu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko kawaida, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kacheko.

"Nilikwambia siku ileile. Nilisema, mtani, kifua changu kinapiga ngoma na mpigaji simwoni. Ukajibuje?"

Nikakumbuka. Nilijibu kwamba Mzaramo akikosa ngoma ya kuchezea huibeba kifuani. Halafu nikaandika: mzima.

"Siku ya arobaini na moja," akaendelea, "nilikwambia nimetema mate mekundu."

"Nikasema uache kutafuna tambuu."

"Ukasema niache tambuu. Siku ya sitini nilikwambia uanze kunichimbia kaburi, kwa kuwa nyie mnachimba polepole, mmezoea mizigo hamjazoea jembe. Ulicheka mpaka barakoa ikaingia ukungu."

"Da Sikitu, ule ulikuwa utani!"

"Ulikuwa kweli. Kila siku nilisema kweli. Kinasa sauti kipo, kasikilize."

Nilisimama. Kibanda kilikuwa kidogo, nikazunguka kama fisi aliyefungiwa zizini. Kila siku nilisimama mbele ya mwanamke anayekufa, nikamsikia akisema anakufa, nikacheka, nikaandika mzima. Nilijua mizani ya kila neno alilosema, nilikuwa naenda kitandani nikitunga majibu ya kesho yake, nikijiona fundi. Kumbe fundi nilikuwa kiziwi.

Kisha jambo la pili likanijia, nikageuka.

"Ulijua nitacheka."

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Ulijua! Ndiyo maana ulisema vile. Ungetaka nikusikie ungenishika shati ukaniambia, Mihambo, naumwa."

"Niliapa kusema," akasema taratibu. "Sikuapa kusadikiwa."

Nakiri kwamba nilinyanyua mkono. Niliushusha. Yeye hata hakupepesa macho.

"Chumba cha elfu moja mia moja na kumi na nane," akasema. "Unakijua?"

Nilikijua. Mwanawe, Zamoyoni, alikuwa amelala humo. Alilazwa akiwa na miaka sita, ameshika kitana cha mama yake kwa sababu alikataa kulala bila kushika kitu.

"Vyumba vikizimwa, vitazimwa kwa kura," Sikitu akasema. "Kimoja katika kila vinne. Wewe ungekaa ukasikiliza kura inachezwa juu ya kichwa cha mwanao?"

"Na akishuka hapa? Avute hili vumbi? Umeona kilichomo kwenye vitambaa vyako?"

"Mimi si yeye."

"Pafu ni pafu!"

"Si kila pafu ni sawa." Alivuta hewa kwa shida, akangoja itulie. "Nilikuwa na pumu utotoni. Kule Kisarawe. Mama alinitembeza kwa waganga mpaka nikapona. Nilipokuja kupimwa kwa ajili ya safari, nikaficha. Ningesema, wasingenichukua, wala mtoto asingepata chumba. Kwa hiyo huenda hewa hii haina tatizo, Mihambo. Huenda tatizo ni mimi. Watu elfu tatu wamepewa mwonjaji mbovu, halafu unataka kuwapitisha kwa sababu ya mwonjaji mbovu. Watu mia saba watazimwa kwa ajili ya pumu yangu."

Nilichuchumaa mbele yake. Nilitafuta usoni mwake kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga.

"Unasema kweli au unanitania?"

Akatabasamu, na hilo ndilo tabasamu ninaloliona hadi leo.

"Wewe ndiye mwenye daftari," akasema. "Andika."

*

Hakufika siku ya mia. Siku ya tisini na tisa alipoteza sauti, akawa anazungumza kwa vidole: maji, shuka, dirisha. Hilo la dirisha sikulielewa mpaka aliponionyesha mara ya tatu. Nikamgeuza alitazame lile jua. Alikufa akiwa amelitazama, na kwa kuwa jua lile haliendi popote, nilichelewa kujua kwamba ameshaondoka.

Nilimchimbia kando ya mto. Chini ya ukoga udongo ulikuwa mgumu na mweupe, na kila jembe nililoinua lilikuwa na uzito wa majembe mawili. Nilichimba nikitokwa jasho ndani ya barakoa. Kaburi lilipokuwa tayari, nilifanya ambacho mtani wa kwetu hufanya kwenye maziko: niliruka ndani, nikajilaza chali, nikadai kwa sauti kwamba hapa ni pangu, huyu marehemu akatafute pengine.

Nyumbani, watu huja kukuvuta miguu. Wanawake hupiga kelele, huku wanalia huku wanacheka, wazee hukubembeleza utoke. Nililala pale chini nikiitazama mbingu ya rangi ya maini. Hakuna aliyekuja kunivuta. Upepo ulipita juu ya shimo na vumbi lake. Mwishowe niliinuka mwenyewe, nikajipangusa, nikamteremsha, na nilipokuwa namfukia nilimwimbia ubeti niliomtungia pale pale, maana nisingeweza kumzika kimya kimya kama mgeni:

*Umelala usingizi, Mzaramo wa uvivu,*
*Kuchimba ni yangu kazi, jembe lanivunja mbavu,*
*Hamali ni Mnyamwezi, hata kwenye nchi kavu,*
*Amka unipe zamu, nami nile utulivu.*

Ulikuwa ubeti wa matusi, kama ipasavyo. Sauti ilinikatika kwenye mshororo wa tatu.

Siku ya mia nilikaa mbele ya redio. Mbele yangu kulikuwa na maneno mawili, na yote mawili yalikuwa na watu ndani yake wanaokufa. Nikituma Shukeni, ningepata majirani. Ningesikia watoto wakilia na wanawake wakigombana kisimani. Nikituma Piteni, ningebaki peke yangu na chakula cha miaka minne. Nakiri kwamba nilifikiri juu ya hilo, na nililifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Nilifikiri juu ya pumu. Nilifikiri juu ya mtoto mwenye kitana.

Lakini nilikuwa nimeona zile chembe nyeusi kwenye damu. Pumu haitemi mawe. Na nilikuwa nimeandika uongo sabini na nne kwa mkono wangu, tangu siku ya ishirini na tatu, hata kama niliuandika nikicheka; nilijiapiza kwamba wa sabini na tano hautatoka kwangu.

Nikatuma kila kitu. Sauti yake kuanzia siku ya kwanza, pamoja na vicheko vyangu. Habari ya vitambaa. Habari ya pumu, kama alivyoisema, bila kuongeza wala kupunguza. Mwishoni nikatuma neno la mkataba.

Piteni.

*

Jibu lilikuja siku ya mia na kumi na nane. Lilikuwa la Nahodha Mwaisumo, mmoja wa wazee watatu waliokuwa macho kwa zamu ndani ya Msafara. Nilimjua tangu mafunzoni: Mnyakyusa mrefu, sauti ya kukwaruza, mtu asiyependa maneno mengi.

"Tumepokea, kijana wangu. Pole kwa msiba. Tumesikiliza yote, siku zote. Habari ya pumu hatukuikuta kwenye faili lake, lakini faili si mtu. Mwili mmoja ni ushahidi mwembamba. Ila ndio tulio nao, na mkataba unasema neno lako ni la mwisho. Tunapita. Kesho tunapiga kura ya vyumba. Tumekubaliana majina yasitajwe, hata kwetu sisi wenyewe. Mwaisumo."

Nilirudia kuisikiliza ile sauti mara nne. Mara ya nne nilisikia maneno matatu tu. Ni ushahidi mwembamba.

Nikatoka nje. Nikasimama kando ya kaburi, pale upepo ulipokuwa ukivuma sana, nikafungua mikanda ya barakoa mmoja mmoja. Hewa ya Tarajio ilinigusa midomo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa baridi, yenye harufu ya chuma kilicholoa. Nikaivuta mpaka ndani.

Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka kufa. Nilitaka kujua. Nilikuwa nimewaua watu mia saba kwa neno moja, na nilitaka kifua changu kiniambie kwamba nilisema kweli. Basi nikahamia upande wa Sikitu, nikaacha dirisha wazi, nikalala kwenye vumbi lake. Nilikula humo. Nilichimba ukoga kwa mikono ili vumbi lake litimke liniangukie usoni.

Siku ya kumi tangu nivue barakoa hapakuwa na kitu. Ilinipasa kungoja, nikangoja. Siku ya ishirini na tatu, siku yake, niliamka mapema nikakaa kitandani, mkono kifuani, kama mwanamke anayengoja mimba icheze. Hapakuwa na kitu. Nikajiambia mimi ni kijana, nitachukua muda. Siku ya arobaini na moja nilitema mate kwenye kitambaa cheupe, nikakipeleka dirishani kwenye mwanga. Kilikuwa kitambaa cheupe chenye mate.

Siku ya sitini nilipanda kilima mbio. Nikafika juu, nikapumua kama farasi, nikasikiliza. Moyo ulikuwa unadunda sawasawa. Nikaketi juu ya mawe meusi nikalia kwa hasira, na hata kulia kwenyewe hakukunikohoza.

*

Msafara ulipita siku ya mia na tisini. Nilijua saa yake. Nilipeleka redio nje, nikaiweka juu ya jiwe, nikakaa.

Uliingia mbinguni kutoka upande wa jangwa. Walikuwa wamewasha taa kubwa ya mbele, nadhani kwa ajili yangu, maana angani hakuna mtu mwingine wa kumwashia. Ilikuwa nukta nyeupe, nyeupe kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekiona tangu nifike, nayo ilikuwa inatembea. Nilisimama bila kujua nimesimama.

Redio ikakwaruza. "Mihambo. Unanipata?"

Walikuwa karibu sasa. Neno lilichukua sekunde ishirini kwenda, sekunde ishirini kurudi. Baada ya siku tisa za kungoja kila neno, ilikuwa kama mtu ameketi kwenye mkeka wangu.

"Nakupata, Nahodha. Naiona taa yenu."

Sekunde arobaini.

"Vizuri. Tuliiwasha uione. Una chakula?"

"Ninacho. Watu wako?"

Nilihesabu. Arobaini zilipita, kisha kumi zaidi.

"Tulizima vyumba mia saba na ishirini na vitano. Kazi hiyo tuliifanya kwa mikono, Mihambo. Mashine ilikataa kujizima yenyewe, ilitengenezwa iwalinde. Tulipita mlango kwa mlango, sisi wazee watatu. Mwenzetu mmoja, Nakhumicha, hajazungumza tangu siku ile."

"Chumba cha elfu moja mia moja na kumi na nane?"

Ile nukta ilikuwa imefika katikati ya mbingu. Ilipita juu ya mto.

"Usiniulize namba. Tulikubaliana."

Sikuuliza tena. Nikaifuata ile nukta kwa macho. Kisha akazungumza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu anayesogeza kikombe cha maji kwa mgonjwa bila kujua kama atakunywa.

"Kijana wangu, nimepiga hesabu. Vichujio vya barakoa yako na vya kibanda vilikuwa vya siku mia na hamsini. Vimekwisha. Kwa hiyo una siku arobaini sasa unavuta hewa ya huko. Kifua kikoje?"

Hakujua kwamba zilikuwa sabini na mbili.

Nilifungua mdomo. Mimi, niliyekuwa nimejiapiza. Mimi niliyemnyanyulia mkono mwanamke anayekufa kwa sababu alichezea kiapo. Kweli ilikuwa imekaa kwenye ulimi wangu, nyepesi, neno moja tu: mzima. Nikaiona ikipanda kwenda kwenye ile nukta nyeupe. Nikawaona wazee watatu wakiipokea wakiwa wamesimama kwenye ujia mrefu, milango mia saba na ishirini na mitano ikiwa giza pande zote mbili, na miaka yao yote iliyobaki ya kupita hapo kila siku wakienda kula. Hawakuweza kusimama tena. Hawakuweza kurudi. Kweli yangu isingemwasha mtu hata mmoja.

Taa ilikuwa imeanza kuteremka upande wa barafu.

"Mihambo?" Hakuweza kungoja zile sekunde. "Kifua, mwanangu?"

Nikasogeza kinywa karibu na redio, nikakohoa.

Mara ya kwanza kilitoka kibaya, kikavu, kikohozi cha mtoto asiyetaka kwenda shule. Nikarudia. Nikakitafuta chini kabisa, nikakiburuta kama gunia la mkaa, nikakiacha kikatike katikati kama chake kilivyokuwa kikikatika, nikavuta pumzi kwa mluzi, nikakohoa tena.

"Kibaya, Nahodha," nikasema. "Damu ilianza wiki iliyopita."

Sekunde arobaini. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyozingoja hizo. Nilipomsikia, alikuwa anatoa pumzi ndefu, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya mwanamke akilia, na akilia alikuwa anasema kitu, neno moja, tena na tena. Nadhani alikuwa Nakhumicha.

"Pole, mwanangu," akasema Mwaisumo. "Pole sana. Basi tulifanya sawa."

"Mlifanya sawa."

"Mungu akupunguzie maumivu."

Taa ikagusa ukingo wa barafu, ikazama. Redio ilikuwa bado hai, ikikwaruza, na nilijua kwamba kule mbele bado wamekaa wananisikiliza. Kwa hiyo niliendelea kukohoa, nimepiga magoti kwenye vumbi, mpaka mkwaruzo wa mwisho ulipokatika.